Sumukuvu mpakani Busia: jinsi mashine inavyoitambua molekuli kwa kupima muda wa safari yake

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania, ikieleza kwamba vipimo vimeonyesha viwango vya sumukuvu vinavyozidi kiwango salama. Malori ya mahindi yalikwama mpakani, na wafanyabiashara wakabaki na mzigo usiokuwa na mnunuzi. Siku tano baadaye, tarehe 10 Machi, marufuku hiyo iliondolewa kwa masharti. Waingizaji walitakiwa kujisajili, na kila shehena iambatane na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango kilichowekwa, pamoja na cheti cha mahali mahindi yalikovunwa.

Riziki ya watu wengi wa pande mbili za mpaka sasa inategemea namba moja iliyoandikwa kwenye karatasi. Makala hii inaeleza namba hiyo inavyopatikana, na hasa inavyofanya kazi mojawapo ya mashine zenye uwezo mkubwa wa kuitafuta: spektromita ya masi ya muda wa safari.

Mambo muhimu

- Kiwango cha juu cha sumukuvu aina ya aflatoksini kinachoruhusiwa katika mahindi ya Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo. Kati ya hizo, aflatoksini B1 isizidi maikrogramu 5.
- Spektromita ya muda wa safari hutofautisha molekuli kwa kuzishindanisha mbio. Nyepesi hufika mapema na nzito huchelewa.
- Ubora wa mashine hutegemea urefu wa njia, uthabiti wa umeme na joto, na mpangilio mzuri wa mstari wa kuanzia.
- Hata mashine bora haiwezi kusahihisha sampuli iliyochukuliwa vibaya.

Kwa nini Busia na Tororo?

Busia ni jina la miji miwili inayotazamana, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Kaskazini mwake kiko kituo cha mpakani cha Malaba, ambacho upande wa Uganda kimo katika wilaya ya Tororo. Bidhaa nyingi zinazosafiri kwa barabara kati ya nchi hizi mbili hupita katika malango haya mawili. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, ili maafisa wa nchi zote mbili wakague mzigo mahali pamoja.

Mahindi hupita hapo kwa malori makubwa, lakini pia kwa magunia machache machache ya wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake. Kwa mwenye lori, shehena ikikataliwa ni hasara kubwa. Kwa mwenye magunia matano, huenda ndio mwisho wa mtaji wake. Wakati huohuo, shehena yenye sumu ikipitishwa kimakosa, anayelipa ni mtoto anayelishwa uji wa mahindi hayo kila siku. Kipimo kinatakiwa kuwatendea haki wote wawili.

Sumu yenyewe ni ipi?

Aflatoksini ni sumu inayotengenezwa na kuvu, hususan Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, ambao huota katika mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Nchini Tanzania neno sumukuvu limekwisha kuzoeleka, nalo linajumuisha sumu zote za kuvu. Aflatoksini ni mojawapo.

Historia ya sumu hii inaigusa Uganda tangu mwanzo. Mwaka 1960, zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa chakula kilichochanganywa na mashudu ya karanga kutoka Brazil. Katika utafiti uliofuata, kuvu Aspergillus flavus ilipatikana katika sampuli ya karanga zenye sumu kali zilizotoka Uganda, na jina la sumu likatokana na jina la kuvu hiyo. Baadaye watafiti walipima sampuli 480 za vyakula zilizokusanywa Uganda mwaka 1966 na 1967. Takriban sampuli 30 katika kila 100 zilikuwa na aflatoksini.

Upande wa Kenya, msiba unaokumbukwa zaidi ni wa mwaka 2004, pale watu 317 walipougua na 125 kufariki dunia katika maeneo ya mashariki mwa nchi, zikiwemo Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu. Hayo ni madhara ya dozi kubwa. Dozi ndogo inayoliwa kwa miaka mingi huharibu ini polepole na kusababisha saratani, na hatari huongezeka kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Maikrogramu 10 kwa kilo ni kiasi kidogo mno. Katika gunia zima la kilo 90, kiwango cha juu kinachoruhusiwa hakitimii hata miligramu moja ya sumu. Haionekani kwa macho, wala haitambuliki kwa ladha au harufu.

Mbio za ioni

Spektromita ya masi ni mzani wa molekuli. Molekuli haiwezi kuwekwa kwenye sahani ya mzani, hivyo kwanza hupewa chaji ya umeme na kuwa ioni. Ioni zote husukumwa kwa volti ileile, kisha huachwa zisafiri katika bomba lisilo na hewa hadi kwenye kitambuzi. Kwa kuwa zimepewa nishati sawa, iliyo nyepesi hukimbia zaidi. Saa hupima muda wa kila moja, na kutokana na muda huo tungamo hukokotolewa. Kanuni ni fupi: muda wa safari huongezeka kulingana na kipeuo cha pili cha tungamo. Kwa maneno mepesi, ioni yenye tungamo mara nne ya mwenzake hutumia muda mara mbili.

Tuchukue aflatoksini B1. Ikipewa protoni moja, tungamo lake huwa yuniti 313.0707 za atomu. Ikisukumwa kwa volti 5,000, hufikia mwendo wa takriban kilomita 55 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ingetoka mji wa Busia hadi mji wa Tororo kwa nusu sekunde. Katika bomba lenye urefu wa mita mbili, safari yake huisha kwa maikrosekunde 36, yaani sehemu 36 za milioni za sekunde.

Wazo hili lilipendekezwa na William Stephens wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1946. Mashine za kwanza zilikuwa za haraka lakini hazikuwa makini. Ioni za aina moja hazikufika pamoja, bali zilifika zikiwa zimetawanyika kama umati unaotoka sokoni. Miaka iliyofuata imekuwa ya kutafuta namna ya kuzifanya ioni zinazofanana zifike kwa pamoja.

Kurekebisha mstari wa kuanzia

Ioni za aina moja hutawanyika kwa sababu tatu kuu. Hazianzii mahali pamoja, hazina nishati sawa kabisa, na baadhi yake, mlango unapofunguliwa, huwa zinaelekea nyuma na hulazimika kusimama na kugeuka kwanza.

Mwaka 1955, Wiley na McLaren wa kampuni ya Bendix, Marekani, walipata dawa ya tatizo la kwanza. Waligawa msukumo katika hatua mbili. Ioni iliyo nyuma zaidi husukumwa kwa umbali mrefu zaidi, hivyo hupata nishati ya ziada na kuifikia ile iliyotangulia. Volti zikipangwa vizuri, zote mbili hukutana mahali palepale alipokusudia mhandisi.

Dawa ya tatizo la pili ilitoka Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1973, Boris Mamyrin na wenzake mjini Leningrad walichapisha kazi kuhusu kioo cha umeme kiitwacho riflektroni. Ioni hazifiki moja kwa moja kwenye kitambuzi, bali huingia katika uga wa umeme unaozirudisha. Mfano wake ni wapanda baiskeli wawili wanaoachia kanyagio chini ya kilima. Mwenye kasi kubwa hupanda juu zaidi kabla ya kurudi, hivyo hukaa kilimani muda mrefu zaidi. Muda alioutangulia mwenzake kwenye tambarare huupoteza mlimani, nao hufika chini pamoja. Zaidi ya hayo, njia ya kwenda na kurudi huongeza safari bila kurefusha mashine.

Tatizo la tatu lilipunguzwa kwa kubadili mwelekeo wa kuingilia. Ioni huletwa taratibu kwa mstari mwembamba, kisha husukumwa ghafla kwa pembe mraba na mstari huo. Kwa kuwa mwendo wao wa pembeni ni mdogo sana, ni chache zinazohitaji kugeuka, na hata hizo hugeuka haraka. J. H. J. Dawson na Michael Guilhaus wa Chuo Kikuu cha New South Wales, mjini Sydney, walieleza mashine ya namna hiyo mwaka 1989, na watafiti wa Kisovieti walikuwa wakifanyia kazi wazo hilohilo wakati huo. Mpangilio huu ndio uliowezesha kuunganisha spektromita ya muda wa safari na vyanzo vya ioni vinavyotiririsha bila kukoma, kikiwemo kile kinachopuliza kimiminika kwa umeme. Njia hiyo ya kupuliza ilimpatia John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002.

Umakini kiasi gani unahitajika?

Mhandisi huanza kwa kuuliza ni vitu gani viwili visivyopaswa kuchanganywa. Kwa mahindi ya Busia, mfano mzuri ni aflatoksini B1 na B2.

B1 ina atomu 17 za kaboni. Takriban atomu moja katika kila 100 za kaboni duniani ni ya aina nzito, kaboni 13. Kwa hiyo molekuli 13 hivi katika kila 1,000 za B1 hubeba kaboni nzito mbili, na tungamo la ioni yake hupanda hadi 315.0774. Ioni ya kawaida ya B2 ina tungamo la 315.0863. Tofauti yao ni 0.0089 tu. Mashine isiyoweza kuona tofauti hiyo huweza kuihesabu B1 nzito kana kwamba ni B2.

Tukigawanya 315 kwa 0.0089, tunapata zaidi ya 35,000. Hicho ndicho kipimo cha uwezo wa kutenganisha unaohitajika ili vilele viwili vianze kuonekana kuwa viwili.

Sasa turudi kwenye saa. Katika bomba letu la mita mbili, tofauti ya muda wa kufika kati ya ioni hizi mbili ni takriban nusu nanosekunde, yaani nusu ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika muda huo mwanga wenyewe husafiri sentimita 15 tu. Kitambuzi, ambacho ni bamba lenye vijitundu vingi mno vinavyogeuza ioni moja kuwa mvua ya elektroni, hutoa mpigo wenye upana unaokaribia muda huohuo. Hata ioni zikikimbia bila dosari, kitambuzi kinaweza kuzichanganya.

Suluhisho ni kurefusha njia. Ikiwa mita 20 badala ya mbili, pengo huwa nanosekunde tano, na kitambuzi hupata nafasi ya kupumua. Kwa kuwa hakuna maabara inayotaka bomba la mita 20, wahandisi huikunja njia. Mwaka 1990 Hermann Wollnik na mwenzake, Ujerumani, walieleza mashine inayorusha ioni mara nyingi kati ya vioo viwili. Katika Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, ioni zilizungushwa katika njia yenye umbo la namba nane. Mashine nyingine hutumia njia ya kwenda mshazari, ioni zikigonga kioo hiki na kile huku zikisogea mbele.

Kila chaguo lina gharama yake. Katika njia ya kuzunguka, ioni nyepesi huweza kuzipita nzito kwa mzunguko mzima, kama mkimbiaji anayempita mwenzake uwanjani, na mtazamaji akashindwa kujua nani yuko mzunguko wa ngapi. Njia ya mshazari haina tatizo hilo, ila ioni hutawanyika njiani na nyingine hupotea zisiporudishwa kwenye mstari kwa lenzi za umeme. Safari ndefu pia humaanisha milipuko michache ya ioni kwa sekunde, kwa sababu kundi jipya husubiri lililotangulia limalize. Anayetafuta maikrogramu tano kwa kilo hawezi kuzidharau ioni zinazopotea.

Kama ingewekwa Tororo

Mashine ya aina hii inahitaji mambo ambayo maabara ya mji wa mpakani italazimika kuyalipia.

La kwanza ni joto tulivu. Kila mita ya chuma cha pua hurefuka kwa takriban maikromita 17 joto likipanda nyuzi moja ya Selsiasi. Bomba la mita mbili litarefuka maikromita 34, pungufu ya unene wa unywele. Lakini hilo hutosha kuisogeza namba ya tungamo kwa karibu 0.0107, ambayo ni zaidi ya pengo lote kati ya B1 nzito na B2. Tofauti ya joto kati ya alfajiri na saa nane mchana ni nyuzi nyingi. Ndiyo maana wahandisi hutumia vifaa visivyotanuka sana, au hudhibiti joto la bomba, au huingiza molekuli inayojulikana tungamo lake iwe kama jiwe la mzani, na mashine ijisahihishe kwayo muda wote.

La pili ni umeme. Volti moja tu ikipungua kati ya 5,000, namba husogea kwa takriban 0.06, mara saba ya pengo letu. Kwa hiyo vyanzo vya volti hutengenezwa kwa uthabiti wa hali ya juu, na maabara huhitaji umeme wa akiba unaoingia bila kukatika.

La tatu ni ombwe. Shinikizo ndani ya bomba hushushwa chini ya sehemu moja ya bilioni ya shinikizo la hewa ya kawaida, ili ioni isigongane na chochote njiani. Pampu hufanya kazi usiku na mchana. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, kurudisha hali hiyo na kusawazisha mashine upya kunaweza kuchukua saa nyingi, huku malori yakisubiri.

Kwa sababu hizo, ukaguzi wa haraka mpakani hufaa kufanywa kwa vipimo vya vijikaratasi na kingamwili, vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Shehena inayotiliwa shaka hupelekwa maabara kubwa. Huko pia, kupima kiwango cha kisheria mara nyingi hufanywa kwa kromatografia yenye kitambuzi cha mng'ao, au kwa aina nyingine ya spektromita inayochuja ioni kwa nguzo nne za umeme. Faida ya pekee ya mashine ya muda wa safari ni kwamba hurekodi kila ioni iliyofika, si zile tu zilizotarajiwa. Fumonisini, sumukuvu nyingine inayopatikana katika mahindi, huweza kutafutwa baadaye katika rekodi ileile bila kurudi kwenye gunia, mradi namna sampuli ilivyoandaliwa iliiruhusu kufika kwenye mashine.

Mashine haiwezi yote

Aflatoksini G1 na aflatoksini M1 zina atomu zilezile kwa idadi ileile: kaboni 17, haidrojeni 12 na oksijeni 7. Tungamo lao ni sawa kabisa. Hata mbio za kilomita nzima hazingewatenganisha mapacha hawa. M1 hupatikana katika maziwa ya ng'ombe aliyelishwa chakula chenye B1, hivyo mchunguzi wa maziwa hana budi kujua ni ipi aliyoiona. Kwa hiyo mchanganyiko hupitishwa kwanza katika kromatografia, ambayo huzichelewesha molekuli kwa viwango tofauti kulingana na umbo lake, ndipo ziingie kwenye spektromita. Hatua hiyohiyo hurahisisha pia kazi ya kutenganisha B1 na B2.

Udhaifu mkubwa zaidi hauko ndani ya mashine. Kuvu haioti kwa usawa katika gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na nyingine zote zikawa safi. Anayechota mkono mmoja juu ya gunia la kwanza anaweza kuipitisha shehena mbaya au kuikataa iliyo nzuri, na spektromita itathibitisha kosa lake kwa usahihi wa tarakimu nne. Sampuli inayoaminika huchukuliwa sehemu nyingi za mzigo, juu, katikati na chini, kisha husagwa na kuchanganywa yote kabla ya kupimwa.

Mfanyabiashara anayekabidhiwa cheti ana haki ya kuuliza mambo matatu: sampuli ilichukuliwa sehemu ngapi, ilipimwa kwa njia gani, na je, sehemu ya sampuli imehifadhiwa ili ipimwe tena ikizuka mabishano? Matokeo yaliyo karibu na mpaka wa 10, tuseme 9 au 11, ndiyo yanayohitaji maswali hayo zaidi.

Kwa wasikilizaji wenye shamba au jamaa nyumbani

Kinga huanza shambani. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi tupu. Yahifadhiwe mahali pakavu, magunia yakiwa juu ya mbao na mbali na ukuta. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu ziondolewe, wala asilishwe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hurudi mezani kupitia maziwa.

Kupika hakutoshi, kwa sababu aflatoksini hustahimili joto la ugali na uji. Na kwa kuwa homa ya ini aina ya B huzidisha hatari, chanjo yake ni sehemu ya kinga hiyo pia.

Msikilizaji anayewatumia wazazi fedha za mavuno anaweza kuwauliza kama turubai la kuanikia lipo na kama mahindi yamekauka vya kutosha kabla ya kutiwa magunia. Mahindi yakiharibika hapo, hakuna kipimo cha Busia wala Malaba kitakachoyaokoa.